Kabla hujakata masega: tabo, ekzosi na hewa nyepesi ya nyanda za juu

Wenye Subaru Forester XT, Impreza WRX, Caldina GT-T au Golf GTI hapa Mbeya wana swali moja wanalolirudia kila wakikutana na fundi: nikitoa masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, na kuvuta bomba pana hadi nyuma, gari litaongeza nguvu kiasi gani? Fundi wa kwanza atasema litaruka. Wa pili atasema injini itakufa. Wa tatu atasema ekzosi lazima ibaki na kizuizi kidogo, la sivyo gari litakosa mvuto wa chini. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Shida ni kwamba vipande hivyo vimetoka kwenye injini tofauti, na vingi vimetoka kwenye mwinuko tofauti na huu tunaoishi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwenye gari la tabo, bomba la moshi na programu iliyomo kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ni kazi moja, na anayelipia nusu yake hajafanya kazi. Jambo la pili ndilo linalonisukuma kuandika: huku Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe, sehemu kubwa ya akiba ambayo mtengenezaji aliiacha ndani ya tabo imeshatumiwa na mwinuko kabla hujagusa boliti hata moja.

Tabo inazungushwa na nini

Wazo la kutumia nguvu ya moshi unaotupwa lilisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na joto linaloweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi kwenye injini ya petroli iliyokanyagwa sana. Unapita kwenye feni ya kwanza, feni inazungusha shafti, na upande wa pili wa shafti kuna feni nyingine inayovuta hewa safi na kuisukumia injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Imebebwa na utando mwembamba wa oili, ndiyo maana anayechelewesha kubadili oili huiua tabo kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachoipa nguvu feni ya moshi ni joto la moshi pamoja na tofauti ya presha kati ya upande unaoingia na upande unaotoka. Shika hilo, kwa sababu karibu mambo yote ya ekzosi yanatokana nalo. Ukipunguza presha baada ya tabo, tofauti inakua, feni inapata nguvu mapema, na tabo inaamka kwenye mizunguko ya chini. Kwa hiyo bomba la kwanza kabisa linaloungana na tabo, lile ambalo mafundi wanaliita daunpaipu, lina athari kubwa kuliko mabomba yote yanayofuata. Sailensa ya nyuma ukiibadili peke yake utapata mlio mpya na nguvu kidogo sana, pengine usizozihisi.

Hapa ndipo dai la yule fundi wa tatu linapoingia. Kwenye injini isiyo na tabo, moshi unatoka kwa mapigo, na bomba la kipenyo kinachofaa huupa mwendo kiasi kwamba pigo moja linasaidia kuvuta lile linalofuata. Ukiweka bomba pana kupita kiasi mwendo huo unapotea, na mvuto wa chini unapungua. Kilichopotea ni mwendo wa moshi. Kizuizi hakikuwa na faida yoyote. Kwenye injini ya tabo, mapigo hayo yameshavunjwavunjwa na feni kabla ya kufika kwenye daunpaipu. Baada ya feni, kizuizi kikipungua ni faida tupu upande wa mtiririko. Kwa hiyo ukisikia kwamba gari la tabo linahitaji kubanwa nyuma ili liwe na torki, fahamu kwamba somo hilo ni la Corolla au IST isiyo na tabo, limehamishiwa kwenye Forester.

Kipenyo chenyewe kina hesabu rahisi. Bomba la inchi 2.25 na la inchi 3 yanaonekana kama yamepishana kidogo, lakini eneo la kupitisha moshi linaongezeka kwa asilimia 78 hivi, kwa kuwa eneo linafuata kipeo cha pili cha kipenyo. Kwa injini ya lita mbili yenye tabo ya kiwandani, inchi 3 inatosha na kubaki. Golf yenye injini ya lita 1.4 haina sababu ya kufika huko; utabeba uzito na kelele bure.

Kabla ya tabo mambo ni kinyume. Pale tunataka moshi ubaki na joto na usivuje hata tundu la sindano. Manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iliyopasuka au gasketi iliyoungua kati ya injini na tabo inaiba nguvu ya feni, na dalili yake ni tabo inayochelewa kuamka pamoja na sauti ya tiki-tiki injini ikiwa baridi asubuhi. Nimeona watu wakitafuta tabo mpya wakati gasketi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Ziba uvujaji huo kwanza. Ni nguvu za kiwandani unazorudishiwa kwa bei ndogo kuliko zote.

Na kwa wanaofuata mlio wa Subaru: mtetemo ule mzito unatokana hasa na manifoldi ambayo mabomba yake yana urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi yanafika kwenye tabo kwa mpangilio usio sawa. Legacy GT za kuanzia mwaka 2003 zilipewa manifoldi yenye mabomba yanayolingana, zikawa na sauti laini zaidi. Ukikata sailensa ya gari kama hilo utapata kelele, ila mlio unaoutafuta hautakuja.

Masega

Masega ni kitofali cha vitundu kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo ndiyo yanayofanya masega ya zamani yanunuliwe haraka mitaani. Kazi yake ni kugeuza monoksidi ya kaboni, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa gesi zenye madhara madogo. Yakiwa mazima na yakiwa moto, yanaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Yakiwa baridi hayafanyi kazi. Yanahitaji kufika nyuzi 250 hadi 300 hivi ndipo yaanze. Asubuhi ya Juni kule Njombe au Makete, gari linapowashwa ndani ya banda lililofungwa lipate moto, masega hayamlindi mtu yeyote kwa dakika za mwanzo, na monoksidi ya kaboni haina harufu. Likokote gari nje kwanza.

Lawama nyingi zinazotupiwa masega kwa kweli ni za vitu vingine. Masega huziba au kuyeyuka mara nyingi kwa sababu injini imekuwa ikikosa cheche: plagi zimechoka au koili imekufa, mafuta mabichi yanafika kwenye masega na kuungulia humo. Fundi anayetoa masega yaliyoziba bila kutafuta kilichoyaziba ameacha ugonjwa na kuondoa dalili. Baada ya hapo kinachoungulia kwenye bomba kinaanza kuipiga sensa ya oksijeni na hata tabo yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wenye Impreza WRX na Forester za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanapaswa kulichunguza. Baadhi ya gari hizo zilikuwa na masega madogo ya ziada kabla ya tabo, kwenye bomba linalopandisha moshi. Yakizeeka yanavunjika, na vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye feni inayozunguka kwa kasi niliyoitaja. Hayo kuyaondoa ni kinga, na jambo hilo naliunga mkono waziwazi. Masega makuu yaliyo baada ya tabo ni habari nyingine. Kwa gari la matumizi ya kila siku katika mji wenye watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule, ningeweka masega yenye vitundu vipana, yanayopitisha moshi vizuri huku bado yakisafisha. Tofauti ya nguvu kati ya hayo na bomba tupu ni ndogo, na taa ya injini huna haja ya kuidanganya kwa vipachiko vya kusogeza sensa.

Kinachotokea bomba likifunguka bila programu

Tabo isingekuwa na kizuizi ingesukuma hewa mpaka injini ipasuke. Kizuizi hicho ni kilango kidogo kinachoitwa westigeti: presha ikifika kiwango kilichowekwa, kilango kinafunguka na kuruhusu sehemu ya moshi ipite pembeni bila kugusa feni. Kiwandani kilango hicho kilipimwa kufuatana na ekzosi ya kiwandani. Ukifungua ekzosi, feni inapata nguvu zaidi, na kilango kilekile sasa kinaweza kuwa kidogo mno kupitisha moshi uliozidi. Presha inaanza kupanda taratibu kadiri mizunguko inavyopanda, hata kilango kikiwa wazi kabisa. Dereva anafurahi; anaona gari limekuwa jepesi. Kumbe injini inapokea presha ambayo hakuna aliyeiamua.

Jinsi kontroli boksi inavyolipokea jambo hilo inategemea namna inavyohesabu hewa. Subaru nyingi za tabo zina sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, hivyo hewa ikiongezeka sensa inaona, na mafuta yanaongezwa mpaka sensa ifike mwisho wa kipimo chake au kontroli boksi ikate mafuta kujilinda. Ule mshtuko wa gari kukatika ghafla ukiwa umekanyaga ndio huo. Injini za Toyota kama 1JZ-GTE ya Mark II na Chaser, au 3S-GTE ya Caldina GT-T, zinapima presha ndani ya manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na kukisia kiasi cha hewa kwa jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo linajua ekzosi ya kiwandani tu. Silinda zikianza kupumua vizuri zaidi, hewa halisi inazidi ile ya kwenye jedwali, na mchanganyiko unakuwa na mafuta machache.

Petroli huungua kwa uwiano kamili pale gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya mafuta. Lakini tabo ikiwa inasukuma kwa nguvu, tunataka mafuta mengi kuliko hapo, uwiano wa 11.5 hadi 12.5 hivi, kwa sababu mafuta ya ziada yanapooza chumba cha mwako. Ukipanda kufika 13 au zaidi huku presha iko juu, joto linapanda, na sehemu ya mchanganyiko inaanza kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Huko ndiko kunoki. Sensa ya kunoki, ambayo ni kama sikio lililofungwa kwenye bloku, itaisikia na kontroli boksi itarudisha nyuma taimingi ya cheche, yaani itachelewesha wakati wa cheche kuruka. Ikiendelea, kinachovunjika kwanza kwenye Subaru nyingi ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Gari linaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, na safari ya kwenda ovahoo imeanza.

Oktani, kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kunoki, inaingia hapa. Japani wana petroli za aina mbili: ya kawaida yenye oktani isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Subaru na Toyota nyingi za tabo zilizotengenezwa kwa soko la kwao zinadai ile ya juu, na kibandiko cha Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi kinasema hivyo. Taimingi ya kiwandani iliandikwa kwa mafuta hayo. Ukijaza mafuta ya oktani ndogo, gari linaishi kwa kutegemea sensa ya kunoki tangu siku ya kwanza. Kuongeza presha juu ya hali hiyo ni kuchukua kitu ambacho hakipo.

Mwinuko

Usawa wa bahari, hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, ni kama 82. Njombe, karibu na mita 2,000, inashuka kuelekea 80, na Kitulo, kwenye mita 2,600, unazungumzia 74. Maji yanachemka Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi, na mpishi wa maharage anajua maana yake bila kuambiwa. Injini isiyo na tabo ikipanda kutoka Dar es Salaam kuja huku inapoteza karibu asilimia 15 hadi 18 ya nguvu zake, na hakuna filta wala plagi itakayozirudisha.

Tabo inaweza kuzirudisha. Hapo ndipo utamu wake na hatari yake vinapokutana. Chukua gari ambalo kontroli boksi yake inataka kilopaskali 200 ndani ya manifoldi ya hewa, kipimo kamili kinachoanzia sifuri. Dar es Salaam tabo inaizidisha hewa ya nje mara 2 kasoro kidogo. Mbeya inabidi iizidishe mara 2.4. Nguvu za injini zitakaribiana, lakini feni itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itatoka na joto zaidi: kwa tabo ya ufanisi wa asilimia 70 hivi, hewa inapanda karibu nyuzi 90 ikizidishwa mara 2, na karibu 120 ikizidishwa mara 2.4. Baridi ya Mbeya inakufidia kiasi, ila haifuti tofauti yote. Interkula, kipoza cha hewa inayotoka kwenye tabo, inapewa kazi kubwa zaidi, tena na hewa nyepesi isiyochukua joto vizuri.

Watengenezaji wanalijua hili. Kwenye kontroli boksi za Subaru kuna jedwali linalopunguza lengo la presha kadiri hewa ya nje inavyokuwa nyepesi, ili tabo isikimbie kupita uwezo wake. Forester XT yenye tabo ndogo ya TD04, ukiiendesha Uyole, tayari inajizuia kwa makusudi. Kuna waandishi wa programu wanaolifuta jedwali hilo ili mteja ajisikie yuko pwani. Gari linakwenda kweli. Ila tabo ndogo ikisukumwa nje ya eneo lake la ufanisi, inazidi kupasha hewa joto kuliko kuibana, na shafti inazunguka kwa kasi ambayo haikuundiwa. Mtu akikuambia ameondoa "kizuizi cha mwinuko", muulize anajuaje kasi ya tabo yako baada ya hapo.

Geji nazo zinachanganya. Geji nyingi za tabo zinazouzwa madukani zinaonyesha presha iliyozidi hewa ya nje. Geji ikisoma kilopaskali 100 Dar es Salaam, ndani ya manifoldi kuna 201. Ikisoma 100 hiyohiyo Mbeya, kuna 182. Mshale ni mmoja, hewa imepungua karibu asilimia 10. Rafiki yako wa Dar akikutumia picha ya geji yake nawe ukaifukuzia namba ileile huku, mnafanya mambo mawili tofauti. Na westigeti inayoendeshwa na springi peke yake, bila kontroli boksi kuingilia, nayo inafuata hewa ya nje kama geji. Gari la namna hiyo lina nguvu chache Mbeya na zaidi Morogoro.

Linalofuata lina uzito mkubwa kuliko yote kwa anayesafiri. Programu huandikwa kwa jedwali lenye visanduku: mizunguko upande mmoja, mzigo wa hewa upande wa pili. Anayeandika hurekebisha visanduku ambavyo gari limevigusa wakati wa kupima. Gari lenye westigeti ya springi lililopimwa Mbeya pekee halijawahi kugusa visanduku vya mzigo mkubwa, kwa kuwa hewa haitoshi kulifikisha huko. Siku likiteremka Kitonga, likapita Mikumi na kukanyagwa kwenye tambarare karibu na usawa wa bahari, linaingia kwenye visanduku ambavyo hakuna aliyeviangalia. Programu iliyoandikwa Dar ina kasoro ya upande mwingine: inavijua visanduku vya juu, lakini haijawahi kuona tabo ikihangaika na hewa ya kilopaskali 82. Nairobi iko kwenye mita 1,795, karibu sawa na sisi, kwa hiyo gari lililoandikiwa programu huko linaelewa hali yetu kuliko lile la Dar. Hilo nalo halikuondolei haja ya kulipima chini.

Ukipeleka gari kwenye daino, yaani mashine ya kupima nguvu kwa magurudumu, uliza kama namba imerekebishwa kwa ajili ya mwinuko. Kanuni zinazotumika kurekebisha ziliundwa kwa injini zisizo na tabo: zinadhani injini imepoteza nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi, na zinazirudishia kwenye karatasi. Injini ya tabo ambayo imeshajifidia inaongezewa mara ya pili. Ndiyo maana namba za mijini penye mwinuko zinaweza kung'aa kuliko gari lenyewe. Omba namba isiyorekebishwa, ya kabla na ya baada, mashine ileile, siku ileile.

Dizeli na malori

Wenye Prado, Hilux Surf na Land Cruiser za dizeli wana njia yao. Dizeli haihitaji uwiano wa 14.7, inaungua ikiwa na hewa nyingi, na ukiongeza mafuta bila hewa unapata moshi mweusi na joto. Pampu ya zamani ikifunguliwa skrubu yake, gari linavuta kweli kuelekea Mafinga, lakini moshi ule mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa, na huku hewa ni chache tangu mwanzo. Injini ya 1KZ-TE inajulikana kwa silinda hedi kupasuka joto likizidi. Kipimo cha joto la moshi kwenye manifoldi ni kifaa cha kwanza cha kununua kabla ya skrubu yoyote. Kwenye mpando mrefu kama Kitonga gari likiwa na mzigo, joto likipita nyuzi 700 na kuendelea kupanda, ondoa mguu.

Kwa malori nina ombi moja. Breki ya ekzosi ni kilango kinachobana moshi kwa makusudi ili injini izuie mwendo kwenye mteremko. Ni mahali pekee ambapo kizuizi kwenye ekzosi ni rafiki. Kuna wanaokitoa kilango kwa sababu kimegandamana na masizi na lori limekuwa zito. Anayeteremka Iwambi kuelekea Mbalizi na tani zake nyuma amebaki na breki za magurudumu peke yake, na zikipata moto zinaisha. Kisafishe kilango, usikitoe.

Namna ya kuifanya kazi yenyewe

Anza na afya ya injini: mgandamizo wa kila silinda, uvujaji wa hozi za hewa kati ya tabo na injini, plagi, filta, pampu ya mafuta. Hozi iliyochanika huku kwetu inaifanya tabo ikimbie zaidi ili kufidia kinachovuja, juu ya ile kasi ya mwinuko. Halafu funga kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta chenye upana wa kutosha; sensa ya oksijeni ya kawaida haisomi vizuri kwenye 11.5.

Bomba lenyewe linaweza kuchongwa hapahapa. Mafundi wetu wa kuchomelea wana mikono mizuri. Waombe kona zisizobanwa: bomba linalokunjwa likiwa tupu linapondeka kwenye kona, na inchi 3 yako inakuwa 2.5 pale inapotakiwa zaidi. Kulijaza mchanga mkavu kabla ya kulipasha na kulikunja kunasaidia, au kona ikatwe vipande na kuchomelewa, kisha ndani isuguliwe. Weka kipande kinachonyumbuka baada ya daunpaipu, kwa kuwa injini inacheza na bomba refu lisilonyumbuka litapasua flenji. Sensa ya oksijeni irudi mahali pake, mbali kama ilivyokuwa. Sailensa ibaki, sailensa nzuri ya kupita moja kwa moja inapitisha moshi karibu sawa na bomba tupu, na majirani wa Soweto au Kihesa nao wanahitaji kulala.

Siku bomba linapofungwa ndiyo siku programu inapaswa kuanza. Kati ya hapo na kumalizika kwake, usikanyage hadi mwisho. Taka rekodi kutoka kontroli boksi: presha kamili, uwiano wa mafuta, taimingi, na namba ya sensa ya kunoki.

Kwa kupima mwinuko, Mungu ametupa njia moja nzuri. Toka Uyole, panda hadi Isyonje, teremka Tukuyu, endelea hadi Kyela iliyo kama mita 500 juu ya bahari. Kwa siku moja gari limepita kwenye hewa ya kilopaskali chini ya 80 na ya zaidi ya 95. Rekodi mvuto mmoja wa gia ya tatu kwenye barabara iliyonyooka na tupu upande wa juu, na mwingine kule chini kwenye joto. Ukikuta Kyela sensa ya kunoki inarudisha taimingi nyuma wakati juu haikufanya hivyo, au presha inapanda kupita lengo, mpelekee mwandishi wa programu rekodi zote mbili kabla hujaanza safari ya Dar es Salaam.